Sanduku la Sinema: Steringi wa Noel ni nani?

Desemba ikifika, sanduku hili huwa limejaa maswali ya filamu za mapigano: sehemu ya pili inatoka lini, na Mchina akipambana na Mmarekani nani atabaki amesimama. Mwaka huu mmenigeuzia. Tangu niandike katika toleo lililopita kwamba nimeonyesha Noel kwenye kibanda changu cha video hapa Busia, upande wa Uganda, barua zote ni za filamu hiyo, na nyingine zina moto.

Kwa ambao hawakuiona, niwape kwa ufupi. Noel ni filamu ya Marekani ya mwaka 2004. Aliyeiongoza ni Chazz Palminteri, mwigizaji ambaye wengi mnamjua kwa sura ya kijambazi. Hadithi inatokea New York mkesha wa Krismasi, ingawa picha zilipigiwa Montreal, Kanada. Rose (Susan Sarandon) ni mhariri wa vitabu, ameachika, na mama yake amelazwa hospitali na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Nina (Penélope Cruz) anakaribia kuolewa na Mike (Paul Walker), askari polisi mwenye wivu mkali. Artie (Alan Arkin) ni mzee mhudumu wa mkahawa ambaye akimwona huyo Mike anaamini kabisa kwamba ndiye mke wake aliyekufa, amerudi. Jules (Marcus Thomas) ni kijana anayetaka kwa udi na uvumba kulala hospitali usiku huo, hadi anavunjwa mkono. Na yupo Charlie, ambaye nitamfikia. Maisha yao yanapishana na kugusana ndani ya usiku mmoja. Haya, tuanze.

SWALI: Mama Vijei, salamu. Mimi ni dereva wa trela. Niliingia kibandani kwako nikisubiri karatasi za mzigo, nikaikuta hiyo Noel. Nikatoka kidogo kunywa chai, niliporudi nikakuta watu wengine kabisa ndio wanalia. Steringi ni nani? Na adui yuko wapi? Kama ni yule polisi, mbona hawakumpiga?
— Dereva, Malaba

JIBU: Dereva, swali lako lilipigiwa kelele na nusu ya benchi usiku ule ule, usijione peke yako. Steringi, yule shujaa mkuu, hayupo. Adui naye hayupo. Tumezoea mtu mmoja anayeonewa mwanzoni, anakimbilia porini, anarudi kulipiza. Filamu ya namna hii inakuacha unatafuta pa kushika dakika ishirini za kwanza.

Unajua kazi yangu. Filamu inasema Kiingereza, mimi nasema juu yake kwa Kiswahili, maana kwenye benchi moja nina Msamia, Mganda, Msomali wa tanka na Mkongo wa vitenge. Kwenye filamu ya vita naweza kuongeza chumvi ninavyotaka, hata adui nikamtukania ukoo, na watu wakafurahi. Hii ilinibana. Ilibidi kila mtu nimpe jina la kibandani: Dada Mhariri, Afande Wivu, Mzee wa Mkahawa, Kijana wa Mkono. Na kila filamu inaporuka kwenda kwa mwingine, kabla hajafungua mdomo, mimi nataja jina na mahali tulipomwacha: “Turudi kwa Afande Wivu, ametoka kwa mchumba wake amefura.” Ndiyo maana hata waliotoka kunywa chai walirudi wakajikuta wapo. (Chai ya jirani yangu ni nzuri, simlaumu mtu.)

Ukiitazama tena, usiulize nani atashinda. Uliza kila mmoja usiku huu angetaka kuwa na nani, na kwa nini hayuko naye. Rose angetaka kuwa na mama yake, na yuko naye chumba kimoja, ila mama hamtambui tena. Nina ana mwanamume anayempenda, lakini akiwa naye hapumui. Mzee anamtaka mtu aliyezikwa zamani. Kijana anataka chumba, si mtu, kwa kuwa mtu wa kumtaka hana. Ukishika hapo, hata ukitoka mara tatu utarudi unaelewa.

SWALI: Mama, habari za kazi. Mimi ni askari, Krismasi hii niko zamu. Noel nimeiona kwenye simu. Watu wanamcheka yule Mike, mimi namwelewa. Mke wangu yuko kwao Soroti tangu Novemba. Nikipiga simu jioni haishikwi, ikishikwa nasikia sauti za watu wengi nyuma. Mtu mwenye mke mzuri asipomlinda, amlinde nani? Halafu yule mzee anayemfuata mwanamume mwenzake akisema ni mke wake, hiyo ni vichekesho au ni nini?
— Askari, Bombo

JIBU: Afande, nianze na mzee, kwa sababu jibu lako limo ndani yake.

Kibandani walimcheka pia. Mzee mzima anamtazama polisi kifua mbele kama mtu aliyeona posa yake, nani asicheke? Mike mwenyewe anamwona ni kichaa, anamfokea, anamkimbia. Sasa angalia mwandishi wa hadithi, David Hubbard, alivyoipanga. Huyu Artie ujanani alikuwa na mke, na alikuwa na wivu. Wivu ule ndio ulioishia kwenye kifo cha mke huyo, mkesha wa Krismasi. Tangu hapo kila mwaka ukifika usiku ule anamtafuta, amwombe radhi. Kwa hiyo mtu anayemfuata Mike mitaani si kichaa wa kawaida. Ni Mike mwenyewe akiwa na mvi, kama hataacha. Ukitaka kuamini roho zinarudi, amini. Ukitaka kukataa, kataa. Mpangilio wa hadithi hautikisiki. Kijana ambaye mkono wake bado haujafanya kitu amewekwa mbele ya mzee ambaye mkono wake ulishafanya.

Nilipofika pale kisa cha mke kinapojulikana, kicheko kiliisha chenyewe.

Sasa ya Soroti. Sauti za watu wengi nyuma, mwezi wa Desemba, Teso? Afande wangu, kwao kuna ajon, pombe ya kienyeji, imewekwa katikati na watu wamezunguka na mirija, kuna mashangazi wamefika, kuna watoto wote wa ukoo shule zimefungwa. Ungesikia kimya ndipo ungeshtuka. Simu ya jioni haishikwi kwa sababu iko kwa jirani mwenye sola inachajiwa, au imeshikwa na mtoto anacheza gemu.

Unasema kumlinda. Mike naye anasema hivyo hivyo, na yeye pia ana silaha kiunoni. Hapo sitaongeza neno, wewe ni askari umefundishwa kulisha na kutoa risasi. Mpigie asubuhi. Muulize jogoo ni bei gani Soroti mwaka huu, kisha mtumie pesa ya jogoo huyo kwa simu, na ya kutolea usisahau. Jana alikuwa na nani, usiulize.

SWALI: Jambo mama. Mimi ni muuguzi wa hospitali ya serikali huku mashariki. Yule kijana anayevunjwa mkono ili tu alazwe usiku wa Krismasi amenikera sana. Sisi usiku ule tunapokea ajali za boda mpaka asubuhi, glavu zinaisha, yeye anajiletea kazi! Mtu mwenye akili atatamani wodi?
— Muuguzi

JIBU: Sista, kasirika, una haki. Nilipoieleza ile sehemu, mama mmoja pale mbele alisema kijana huyo apewe viboko kabla ya plasta.

Ila kumbuka alichosema Jules. Akiwa na miaka kumi na minne alijikuta chumba cha dharura usiku wa Krismasi, na pale wahudumu walikuwa wamewaandalia wagonjwa karamu. Katika utoto wake wote siku hiyo ndiyo nzuri anayoikumbuka. Filamu haikuonyeshi huo utoto mwingine, na haina haja. Mtu akikuambia siku bora ya maisha yake ni kwenye benchi la kungoja kushonwa, umeshajua nyumbani kulikuwaje.

Kitu kingine ni hiki, na wewe ndiye utakielewa kuliko wote walioandika. Kibandani watu hawakushangazwa na mkono. Walishangazwa na mama yake Rose. Mama mzee amelala hospitali, chumba kisafi, hakuna mtu kwenye mkeka pembeni, hakuna sufuria chini ya kitanda, hakuna thamosi. “Ndugu wako wapi? Nani anamwosha?” Ndivyo alivyouliza mama mmoja muuza samaki, kwa sauti, juu ya sauti yangu. Nikasimamisha filamu nikaeleza: kule wauguzi ndio wanaoosha, wanaolisha, wanaogeuza, ndugu anakuja kutazama tu. Akafikiri kidogo, akasema: “Basi ndiyo maana huyu dada anazurura mjini usiku. Hana hata sufuria ya kuosha.”

Nimeonyesha filamu miaka mingi na sijasoma uchambuzi wa Rose unaoshinda huo. Huku kwetu anayeuguza hana nafasi ya kukaa akajitazama. Atateka maji, atapanga foleni ya dawa, atapika uji nyuma ya wodi, atagombania kamba ya kuanikia. Anachoka, analia, lakini mikono ina kazi. Rose hana. Anapenda kwa macho peke yake, na mama hayaoni hayo macho. Ndipo anafika kwenye mto usiku ule, sehemu ambayo mimi huacha utani wote na kutafsiri neno kwa neno.

Kuhusu swali lako, kwamba nani atatamani wodi: kwenye wodi yako yupo mmoja asiye na mtu wa kumuuguza, anayekula chakula cha kitanda cha pili. Unamjua. Huyo hakujivunja mkono, lakini Krismasi yake na ya Jules ni moja. Mwaka huu mtazame akigawiwa soda.

SWALI: Mama Vijei, nauza DVD na kujaza filamu kwenye flashi. Kuna mteja anabisha kwamba Noel iliuzwa kwenye diski inayokufa baada ya siku mbili. Ni uongo, si ndiyo?
— Lira

JIBU: Ni kweli, mwambie mteja wako ameshinda. Mwaka ule wa 2004 Noel iliuzwa Marekani kupitia Amazon kwenye diski za Flexplay. Diski ilikuja imefungwa kwenye pakiti isiyopitisha hewa. Ukiifungua, hewa inaanza kuila: gundi iliyounganisha tabaka za diski ilitiwa kemikali inayobadilika rangi ikikutana na oksijeni, na baada ya saa 48 hivi imekuwa nyeusi, taa ya mashine haisomi tena. Wazo lilikuwa mtu asihangaike kurudisha diski ya kukodi. Biashara haikushika, na watu walilalamikia takataka.

Sisi ambao diski tunaipangusa kwa shati, tunaipulizia, tunaipaka dawa ya meno na bado tunaikodisha, tungewacheka sana. Usijaribu kumuuzia mtu wa Lira kitu kinachokufa Jumapili.

SWALI: Mama, kaka yangu anasema yule Charlie siye Robin Williams, eti jina lake halipo kwenye orodha ya waigizaji. Tumewekeana soda.
— Iganga

JIBU: Ni Robin Williams, kaka anunue. Jina halikuandikwa kwa sababu alicheza bila kutajwa. Waigizaji wakubwa hufanya hivyo wakiingia kwa sehemu fupi. Ana dakika chache tu, lakini anaongea na Rose kwa upole ambao hata mimi nilishusha sauti ya kutafsiri ili yake isikike. Alifariki mwaka 2014. Paul Walker alikuwa amemtangulia mwezi Novemba 2013, na vijana wangu, wanaomjua kwa filamu za magari za Fast and Furious, walipomwona kwenye skrini walianza kuitisha magari. Niliwaambia mapema: humu hakuna gari linaloruka. Wawili walidai kiingilio chao. Sikurudisha.

Charlie ni nani hasa, na kwa nini yuko hospitali, sisemi. Kuna ambao hawajaona.

SWALI: Assalaam alaikum mama. Mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Mbale, Mwislamu. Filamu za aina hii ni za Krismasi tu? Idd hakuna?
— Mbale

JIBU: Waalaikum salaam, mwanangu. Krismasi inapendwa na waandishi kwa sababu moja ya kifundi: kila mtu anajua tarehe. Mkesha ukiingia, hata mtazamaji asiyeambiwa anajua wahusika wote wanakimbizana na saa ile ile. Aliyegombana na baba yake ana mpaka usiku huu.

Lakini Idd, ukiniuliza mimi, ina kitu ambacho Krismasi haina. Mwezi. Usiku wa 29 Ramadhani hakuna anayejua kama kesho ni sikukuu au ni kufunga tena. Fundi cherehani ana nguo za watu, hajui ana saa kumi au ana siku nzima. Mfanyakazi ameahidiwa kuruhusiwa “Idd ikiandama”. Mwanamke anamngoja mtu ambaye amesema atakuja kuomba radhi kabla ya swala. Wote wanatazama juu, na mawingu ya Mlima Elgon unayajua wewe. Halafu tangazo linatoka usiku na kuwageuzia wote mipango kwa pamoja. Mtu wa Hollywood angelipa pesa nyingi kupata mtego kama huo, nyinyi mnao bure kila mwaka. Andika. Ukimaliza niletee nikuonyeshee kibandani.

SWALI: Shangazi, nina kamera, nina marafiki watatu wanaoigiza kanisani, na nina pesa kidogo ya mahindi. Nataka kutengeneza Noel ya Uganda: watu tisa, Kampala, Krismasi, wote wanaungana mwishoni kanisani wakiimba. Unasemaje?
— Jinja

JIBU: Nasema watu tisa ni wengi, Kampala siyo, na kanisani usiwapeleke.

Usikasirike, nifuate polepole. Mtindo wenyewe ni wa zamani, haukuanza na Noel. Grand Hotel ya mwaka 1932 iliwaweka watu wasiojuana ndani ya hoteli moja ya Berlin, ikapata Oscar ya filamu bora. Angalia ilichofanya: ilichagua jengo ambalo kila mtu ana sababu ya kuingia. Noel imechagua hospitali na mkahawa. Swali lako la kwanza basi si “nani”, ni “wapi”. Uganda, mkesha wa Krismasi, ni mahali gani ambapo tajiri, maskini, mwenye furaha na mwenye msiba wote lazima wapite?

Kampala usiku huo ni tupu. Unajua mwenyewe: kuanzia tarehe 22 watu wanatoka, Kisenyi na Namayiba mabasi yanagombaniwa, nauli inapanda hata mara mbili, na tarehe 24 usiku mitaani wamebaki walinzi na mbwa. New York watu wanaingia Krismasi wakiwa mjini. Sisi tunaingia tukiwa barabarani. Kwa hiyo filamu yako iko barabarani, na wewe wa Jinja umepewa bure: Namawojjolo.

Kila gari linalotoka Kampala kwenda mashariki linasimama pale. Wauzaji wanakimbilia madirisha na kuku kwenye vijiti, gonja (ndizi za kuchoma), soda, maji. Dirisha linafunguka sekunde chache, pesa inaingia, kuku anatoka, gari linaondoka, na wakati mwingine chenji inabaki. Tazama ulichonacho: watu wawili wasiojuana, uso kwa uso, sekunde chache, kila mmoja anataka kitu kwa mwenzake. Hilo dirisha ndilo filamu yako.

Sasa chagua watatu. Mimi ningechukua muuzaji kuku, mwanamke, ambaye ndiye pekee asiyesafiri kwa sababu leo ndiyo siku ya kuuza. Ningechukua kondakta aliyeuza kiti kimoja kwa watu wawili, na kosa lake linampata katikati ya njia. Na ningechukua pikapu yenye matawi mbele, imebeba jeneza, inarudisha mtu kwao azikwe siku ambayo wote wengine wanarudi kula. Hiyo umeiona barabarani kila Desemba, nami nimeiona, na sijawahi kuiona kwenye filamu. Wenye msiba nao wana njaa. Nao watasimama Namawojjolo. Muuzaji atakimbilia dirisha lao akipiga kelele za Krismasi kabla hajaona nyuma kuna nini.

Kuhusu kuwaunganisha. Kosa la filamu nyingi za mtindo huu ni kwamba watu wanakutana kwa bahati tu: huyu kumbe ni ndugu wa yule, yule kumbe ndiye aliyemgonga huyu. Mtazamaji wa kibandani anapiga mluzi hapo, na ana haki. Kukutana lazima kumgharimu mtu. Rose ana usiku mbaya kuliko wengi, lakini anakaa na Nina asiyemjua na kumsikiliza; anatoa kile ambacho yeye mwenyewe hajapewa. Ndiyo inayoshika. Kwa hiyo kondakta wako akiwapa wenye msiba nafasi, ile nafasi iwe ndiyo aliyokwisha kuiuza mara mbili. Muuzaji akimpa mtu kuku, awe kuku wa mwisho, na mtoto wake ameshaahidiwa huyo. Asipopoteza kitu, kata hiyo sehemu.

Na mwishoni usiwakusanye wakaimba. Waache waendelee na safari. Mmoja asijue kabisa kwamba mwingine alimsaidia.

Ya pesa. Tarehe 23 na 24 nenda Namawojjolo na kamera bila waigizaji, piga magari, taa, moshi, wauzaji kwa ruhusa yao, umati wote ambao usingeweza kuulipa. Mazungumzo yapige Januari, wakati matatu haina abiria na mwenye gari atakukodisha kwa bei ya huruma. Nunua maikrofoni ndogo ya kubana shatini kabla hujanunua taa yoyote. Filamu nyingi za vijana zinazoletwa kwangu zina picha nzuri na hazisikiki, na mimi siwezi kutafsiri upepo. Ukiikamilisha, kuna tamasha la filamu la Uganda linaloandaliwa na Tume ya Mawasiliano tangu 2013, peleka. Wakikukataa, benchi zangu zipo.

SWALI: Dada, mimi ni mama wa watoto wanne. Krismasi ni siku ya furaha, Yesu amezaliwa. Kwa nini unawaonyesha watu filamu ya wagonjwa, wenye wivu na wanaotaka kujitupa mtoni? Hakuna filamu za kuchekesha?
— Tororo

JIBU: Zipo mama, na nitaonyesha. Lakini nikuulize: usiku wa Krismasi wewe utakuwa wapi? Nyumbani, una watoto wanne, una jiko limewaka. Hutakuja kibandani, na Mungu akubariki.

Nikuambie wanaokuja. Anakuja dereva ambaye mzigo wake umekwama kwa karatasi. Kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa 2018 na foleni zimepungua, lakini karatasi ikiwa na kasoro siku ya sikukuu, kituo hakikusaidii, ofisa mhusika amekwenda kwao. Anakuja mlinzi wa duka kabla ya zamu. Anakuja msichana wa kazi ambaye bosi wake amesafiri na kumwachia nyumba. Anakuja kijana aliyepiga hesabu ya nauli akaona bora aseme kazini hawakumruhusu, kuliko kufika kijijini mikono mitupu watoto wa dada zake wakimtazama mfukoni. Huyo wa mwisho yupo kila mwaka, na kila mwaka ni mwingine.

Nikiwawekea watu hao vichekesho vya familia inayofungua zawadi chini ya mti, wanacheka, halafu wanatoka nje mmoja mmoja kupiga simu. Nilipowawekea Noel walibishana. Walibishana mpaka jenereta ikaisha mafuta: kama Nina amrudie Mike, kama mzee asamehewe, kama kijana wa mkono ana wazimu. Mkongo na Mganda waligombana juu ya Artie kwa lugha ambayo kila mmoja alijifunza kwa njia yake, na baadaye nikawaona wanakula chapati sahani moja. Hawakuwa na huzuni, mama. Walikuwa na la kuzungumza.

Kwa hiyo tarehe 24 naionyesha tena, saa tatu usiku, shilingi 1,000. Watoto wako walete mchana wa tarehe 25, kutakuwa na katuni na wa chini ya miaka mitano hawalipi. Waje na kitu cha kukalia, benchi za mbele zimepelekwa kwa fundi.